Mjadala: Mitambo ikiwekewa vihisio, fundi mzee abaki au apishe kijana?

Fundi wa Kondele
Wakuu, naleta hili tulijadili. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Siku hizi mwekezaji akiingia kiwanda chochote, hakawii kuweka vihisio kwenye mota, pampu na boila. Vinapima joto na mtetemo na kutuma habari kwenye kompyuta, hata kwenye simu ya meneja aliyeketi Nairobi. Wakati huohuo, mafundi wengi ninaokutana nao ukanda huu wa miwa wana mvi. Viwanda vilichechemea miaka mingi, nani angeajiri? Sasa wazee hawa wapewe chao waende, au wabaki?

Mimi nasema wabaki, kwa mkataba wa kufundisha, na walipwe kwa kazi hiyo. Nilifundishwa kazi na mzee ambaye akitaka kujua hali ya beringi, anagusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma kinachoibeba, mpini anaubana sikioni. Ananyamaza kidogo, halafu: "Hii inataka grisi tu." Au: "Hii haifiki Ijumaa." Kihisio kinasikia kuliko sikio lake, sibishi. Lakini kinachotoka ni namba. Pampu moja inatetemeka hivyo tangu msingi wake ulipokaa upande, na haina neno. Pampu ya jirani ikitoa namba ileile, zima haraka. Mambo hayo hayapo kwenye faili. Anayo mzee, na barua yake ya kustaafu iko njiani.

Diploma Mfukoni, Kakamega
Kaka, unaongea hivyo kwa sababu uko ndani. Mimi nilisomea umeme chuo cha Sigalagala, leo nabeba abiria kwa boda. Mwaka 2009 serikali ilisukuma umri wa kustaafu wa watumishi wake kutoka 55 hadi 60. Waliokuwa kwenye foleni wakaambiwa subirini kidogo. Tukikufuata wewe, tutasubiri tena, safari hii kwa jina la "kufundisha".

Halafu hii hofu ya wafanyakazi kuzeeka tumeiazima. Japani zaidi ya robo ya watu wana miaka 65 kwenda juu, wao wana haki ya kuhangaika. Hapa sensa ya 2019 ilionyesha takriban robo tatu yetu tuko chini ya miaka 35. Wazee wamejaa kiwandani kwa sababu mlango ulifungwa nyuma yao.

Mama Majani Chai, Kericho
Wanangu, nyinyi mnagombania nani ashike bisibisi. Huku kwetu mashine za kuchuma chai zilipoingia hazikuuliza umri. Mama wa miaka 58 na binti wa 22 waliachishwa kazi siku moja. Mei 2023 watu walizichoma, mliona wenyewe. Sisifu moto, ila anayetaka kujua kwa nini uliwaka aulize kama wachumaji waliwahi kuitwa kwenye kikao chochote.

Mstaafu, Section 58 Nakuru
Niseme ambalo wenzangu hawatalisema hadharani. Ujuzi tunauficha, tena kwa makusudi. Kijana akikuuliza unamwonyesha nusu, kwa sababu siku akijua yote, wewe huna kazi. Na ukitoka unakwenda wapi? Hadi Februari 2023 wengi wetu tulikatwa Sh200 kwa mwezi za NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, mwajiri akaweka 200 nyingine. Piga hesabu ya miaka 30 uone kama inakutosha kukarabati hata nyumba. Inua Jamii, ile Sh2,000 ya mwezi ambayo serikali huwapa wazee, inaanza ukifika 70. Kati ya 60 na 70 unakula nini?

Mimi nilipewa barua Ijumaa. Jumatatu nikapigiwa simu: mzee, njoo uwaonyeshe vijana valvu fulani. Malipo? Nauli na soda. Sikwenda.

Opereta wa Usiku
Mbona hakuna anayetaja kwamba vifaa hivihivi vinatupima na sisi? Kwetu kadi ya mlangoni inahesabu dakika za msalani. Mzee mwenye kisukari akienda mara nne, ripoti inamwita mzembe.

Fundi wa Kondele
Opereta, hilo linahitaji mjadala wake, na chama cha wafanyakazi kiwe mbele.

Mzee wa Section 58, hapo kwenye kuficha umenisaidia kuliko wote. Basi mkataba usilipe siku za kukaa, ulipe kazi iliyokabidhiwa. Kila mtambo uwe na daftari lake: mlio wake wa kawaida, magonjwa yake, kilichowahi kubadilishwa, na kiwango ambacho kihisio kipige kengele. Kijana anaandika, mzee anasahihisha, wote wanatia sahihi, malipo yanatoka. Mwaka mmoja unatosha. Na mzee asikalie nafasi ya ajira. Ile nafasi ni ya kijana tangu siku ya kwanza.

Diploma Mfukoni, Kakamega
Na mitambo ikiisha kuandikwa, mwekezaji akisema sasa kompyuta inajua yote, hamhitajiki wote wawili?

Mstaafu, Section 58 Nakuru
Mwanangu, boila haijawahi kukaa msimu mzima bila kubuni ugonjwa mpya. Hilo lisikutie wasiwasi. Wasiwasi wako uwe kwenye karatasi utakayotia sahihi.

Diploma Mfukoni, Kakamega
Sawa mzee wangu, nakubali nusu. Mkataba wako uwe na tarehe ya kwisha, na barua yangu ya ajira ianze siku ileile mkataba wako unapoanza. Wakitoa yako peke yake, mimi nabaki kwenye boda na wewe usikubali kusaini.