Ulishindwa kufika mahakamani siku ya kesi? Tupeane uzoefu

Binti Kimara:
Wadau, habari za jioni. Mwenzenu nimetoka kwenye msukosuko. Nina shauri la kiwanja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mimi ndiye mwombaji. Siku ya kusikilizwa mwanangu akaamka na degedege. Nani anakumbuka baraza hapo? Nikambeba mbio hospitali, simu nikaiacha kitandani. Kesho yake naenda kuuliza tarehe, karani ananifungulia jalada: "Dada, limefutwa. Hukuwepo na hukutuma mtu." Miguu iliniisha nguvu.

Nikaelekezwa kupeleka maombi ya kulirejesha ndani ya siku 30, pamoja na kiapo cha maandishi. Nikaambatisha kadi ya mtoto. Mwenyekiti hakuhangaika na maelezo yangu marefu, aliuliza tu mtoto alipokelewa saa ngapi. Nesi alikuwa ameandika pale juu kabisa, kwa kalamu nyekundu: saa 1:40 asubuhi. Shauri lilipangwa saa 3. Likarudishwa. Nesi yule hata jina simjui, ila namwombea.

Nyie mlitokaje?

Mzee wa Bondi:
Pole binti yangu. Mimi yangu ni ya udhamini. Kijana wa jirani alikuwa na kesi ya jinai, nikamsainia bondi ya milioni 3. Safari ya kwanza aliugua kweli. Nikaenda mwenyewe na cheti chake cha daktari, jina lake lilipoitwa nikasimama nikaeleza, hakimu akaahirisha. Safari ya pili simu yake haipatikani. Nikajipa moyo kwamba atakuwa ametangulia, nami nikabaki dukani. Wala hakwenda! Ikatoka hati ya kumkamata, na mimi nikaletewa samansi nikaeleze kwa nini nisilipe ile milioni 3.

Nilimfuata Kahama kwa basi la usiku, nikamkuta anakaanga chipsi. Kurudi tulikaa siti za jirani, sikupepesa jicho, begi lake nimelipakata mimi.

Mchuuzi Magomeni:
Mvua ya Aprili, barabara ya Jangwani imefungwa, kesi iko mjini saa 3. Bahati namba ya karani nilikuwa nayo. Nikampigia saa 2 na nusu, nikamtajia namba ya kesi. Jalada likawekwa pembeni, nilipofika nimelowa hadi soksi likaitwa upya. Sasa namba ya kesi nimeibandika nyuma ya simu.

Mama Pacha:
Mimi nilikuwa mdai mahakama ya mwanzo, nadai hela ya vitenge. Tarehe ilipofika nina siku 5 tangu nijifungue. Kumbe kule kwenye madai mahakama inaweza kumruhusu ndugu yako au mtu wa nyumbani kwako akusimamie ukiomba. Nikaandika barua, kaka yangu akaenda nayo. Hakimu akamruhusu, wazee wa baraza wanaokaa na hakimu wakaanza kumhoji: vitenge vingapi, doti shilingi ngapi? Kaka wa watu hajui doti wala pisi, akataja bei ya kubahatisha, ikaandikwa hivyo hivyo. Nilihangaika sana kuirekebisha baadaye. Ukimtuma mtu, mkalishe kwanza akariri.

Kasuku Mweusi:
Mimi nilisema nimefiwa na shangazi. Mdaiwa wangu ni wa kijiji kimoja na shangazi 😂 Naishia hapo.

Wakili wa Kijiweni:
@Kasuku umenichekesha, lakini ukiapa uongo kwenye kiapo hilo ni kosa la jinai, angalia.

Wengi mnachanganya tarehe ya kutajwa na ya kusikilizwa. Ya kutajwa mara nyingi ni kupanga tu hatua inayofuata, lakini isikufanye ulale, mahudhurio yanaandikwa. Ya kusikilizwa, ya kutoa ushahidi, ndiyo yenye moto. Mdai asipoonekana, shauri linaweza kufutwa. Mdaiwa asipoonekana, linasikilizwa upande mmoja, na siku moja anashtukia dalali wa mahakama mlangoni, amekuja kutekeleza hukumu. Ukigundua, wahi kuomba amri itenguliwe. Ukikaa miezi ndipo uje na cheti cha hospitali, utaulizwa ulikuwa wapi siku zote hizo, na hapo cheti hakikusaidii.

Kwenye jinai usicheze kabisa. Ukiruka dhamana, kesi inaweza kuendelea bila wewe na hukumu ikatoka. Na shahidi aliye mbali asikate tamaa: tangu 2021 kuna kanuni za kusikiliza kwa video. Ila mahakama iombwe mapema, si asubuhi ya kesi.

Mchuuzi Magomeni:
Wakili, na mimi niliye na wakili ninahitaji kwenda?

Wakili wa Kijiweni:
Kwenye madai anaweza kukuwakilisha, lakini siku ya ushahidi wako hawezi kukusemea, mkuu. Akikwama yeye, mwambie amtume wakili mwenzake asimame kwa niaba yake siku hiyo.

Binti Kimara:
Asanteni wote. Tarehe yangu ni kesho saa 3. Mtoto nimeshampeleka kwa bibi yake jioni hii, na namba ya karani nimeiandika kiganjani kwa peni.