Hadithi ya mfululizo: maswali nimeacha mengi, mbona wasomaji wanapungua?

Mleta uzi:
Wakuu, naomba ushauri. Nina hadithi yenye sehemu 12, kila moja maneno kama 1,200. Kila sehemu naikatisha penye taharuki: mlango unagongwa, simu inaita, mtu anapiga ukelele. Tatu za mwanzo zinasomwa vizuri, kuanzia ya nne watu wanapotea. Kasoro iko wapi?

KalamuKavu:
Mkuu, mlango kugongwa ni kishindo tu, bado si swali. Msomaji hana cha kubashiri. Mwaka 1994 George Loewenstein, mtafiti wa tabia za watu, alieleza udadisi kuwa unatokana na pengo kati ya tunachokijua na tunachotaka kukijua. Kwa hiyo asiyejua chochote haoni pengo. Mpe nusu ya habari kwanza. Tuseme sehemu ya pili tunaambiwa sanduku la marehemu lina funguo mbili tu: mmoja kazikwa nao, wa pili anao mjane aliye safarini. Sehemu ya nne sanduku linakutwa wazi, kufuli zima. Ama kaburi limefukuliwa, ama mjane hakusafiri. Hapo ndipo mlango ugongwe.

Mhariri_wa_Usiku:
Naongezea. Chukua daftari, chora safu tatu: swali, sehemu lilipoibuka, sehemu linapojibiwa. Swali kubwa liwe moja, libebe hadithi nzima. Chini yake weka madogo mawili au matatu, kila moja lidumu sehemu moja hadi tatu. Yakizidi hapo, anayesoma mara moja kwa wiki atayachanganya. Swali lililokaa muda bila kuguswa likumbushie, hata kwa sentensi moja.

Mleta uzi:
La funguo nimelielewa. Ila nikijibu mapema si taharuki itakwisha?

KalamuKavu:
Itakwisha kama jibu halizai swali. Tukijua mjane ndiye aliyefungua, tuulize: alitafuta nini, ikiwa fedha zote zimo? Kuchelewesha mno ndiko kunakofukuza watu, maana wanaanza kuhisi hata mwandishi hajui.

Na tafadhali, usimfiche msomaji kile ambacho msimulizi anakijua. Msimulizi akisoma barua, nasi tuisome. Ukitaka siri ibaki, mnyime mhusika mwenyewe: barua imechanika, shahidi kaondoka kabla hajaulizwa. Hili nalisisitiza kwa sababu msomaji akigundua amedanganywa, harudi.

Mhariri_wa_Usiku:
Kuhusu pa kukatia: kata katikati ya tukio. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad aliachia kisa njiani alfajiri ilipoingia. Jaribu kuhamisha maneno 100 hadi 150 ya mwisho wa kila sehemu, yawe mwanzo wa inayofuata. Kisha angalia tishio lako linaishaje. Aliyegonga akiwa jirani anayerudisha ndoo, na ukelele ukawa wa ndoto, tishio la tatu halitaaminika. Nadhani kasoro ya sehemu yako ya nne iko hapo. Hebu ibandike tuione, pamoja na mistari kumi ya mwisho ya sehemu ya tatu.