Eko ya kifuani au ya kupitia kooni? Bi mkubwa kagoma

Mdigo_wa_Pangani: Wakuu, habari za jioni. Bi mkubwa kapimwa eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kifuani. Daktari anahisi vali ya mitral (mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo) iliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ila picha haikutoka vizuri. Sasa anataka ya kupitia kooni, ya kumeza mpira wa kipimo. Mama kasema hamezi nyoka yeye. Turudie ile ya kwanza hospitali nyingine?

Sonografa_Dar: Pole kwa kuuguza, mkuu. Karibu kila mgonjwa huanzia ile ya kifuani: analala ubavu wa kushoto, anapakwa jeli, ndani ya saa moja kamaliza. Haina mionzi wala hafungi kula. Tatizo, mawimbi ya sauti hukwama kwenye mbavu na hewa ya mapafu, hivyo mtu mnene picha yake hutoka na ukungu. Umio (njia ya chakula) umepita nyuma tu ya moyo, ndiyo maana ya kooni huona vali kwa usafi zaidi. Kurudia kwenye mashine nzuri kunaweza kusaidia. Ila kama daktari anatafuta damu iliyoganda kwenye chumba cha juu kushoto, msipoteze nauli, ya kifuani haitoshi. Muulizeni anatafuta nini hasa.

Shangazi_Zuu: Mie nimefanyiwa ya kooni. Nilikaa bila kula kwa saa 6, meno ya bandia nikavua, wakapuliza ganzi kooni (chungu hiyo!), wakanichoma sindano ya kusinzia. Kazi ni kuumeza ule mpira, ukishashuka basi. Koo lilikwaruza hadi kesho yake. Msimpe chai ganzi haijaisha, atapaliwa. Na asirudi nyumbani peke yake.

Mtu_wa_Mbezi: Si apige ECG tu? Bei chee.

Sonografa_Dar: ECG inasoma umeme wa moyo, vali inayovuja haionyeshi. Mdigo, mwambieni daktari mapema kama mama ana shida ya kumeza, ugonjwa wa umio, au aliwahi kutapika damu. Umio kujeruhiwa ni nadra, lakini hao ndio walio hatarini zaidi. Mtajieni na dawa zote anazotumia, hasa za kisukari, maana atafunga.

Mdigo_wa_Pangani: Shukrani sana. Nimemsomea ya shangazi, anauliza hiyo chungu inapulizwa mara ngapi.

Shangazi_Zuu: Mbili tatu hivi, mwanangu. Apumue kwa pua, wakisema "meza" ameze, asibishane nao.