Naomba ushauri: sungura amezaa ndani ya tuta la sukuma wiki

Habari zenu wanakikundi. Niko Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, baridi ndiyo kwanza inaachia. Miche 24 ya sukuma wiki niliiotesha ndani kwa wiki sita, nikaizoesha nje siku saba, nikaipanda mwanzoni mwa Mei. Miche hii huvumilia sakitu (umande ulioganda) nyepesi. Tatizo ni sungura: miche 9 imekatwa mshazari, safi kama kwa kisu. (Kulungu angeacha ncha zilizochanika, hana meno ya mbele juu.)

Nilizungushia waya wa kuku, sentimita 60 juu ya ardhi na 15 chini. Jana wakati wa kupalilia nikakuta kishimo kimefunikwa nyasi na manyoya, vitoto vinne, macho bado kufunguka. Kumbe mama nimemfungia nje! Nimefungua upande mmoja, maana hunyonyesha alfajiri na jioni tu. Kiota sikihamishi, hatakiona tena.

Vitaondoka baada ya wiki tatu hivi. Kwa muda huo, je, kitambaa chepesi cha kufunikia mimea kinamzuia sungura, au kila mche niuwekee kizimba chake cha waya? Na matundu ya sentimita 2.5 yanatosha kuvizuia vitoto vikianza kutembea?