Ushauri wakuu: nataka kupendekeza ndege za kivita za Indonesia ziingie War Thunder, nianze na ipi?

Kipanga Mweusi (mtoa mada)

Habari za jioni wanajukwaa. Nacheza War Thunder, ule mchezo wa mtandaoni wa vita vya ndege, vifaru na meli, upande wa angani tu; vifaru nawaachia wenye subira. Siku hizi nasoma sana habari za TNI-AU, jeshi la anga la Indonesia, na nashangaa kwa nini hawapigiwi debe zaidi. Jamaa walianza 1946 na mabaki ya ndege za Wajapani. Mwaka 1950 wakarithi Mustang kutoka kwa Waholanzi. Enzi za Rais Sukarno wakaegemea Moscow, wakapata MiG-17, MiG-19, MiG-21 na yale madege makubwa ya mabomu, Tu-16. Baada ya 1965 upepo ukageuka, vipuri vya Wasovieti vikakauka, wakahamia Sabre, Bronco, Skyhawk, F-5 na F-16. Mwaka 2003 wakarudi tena kwa Warusi kuchukua Sukhoi. Kambi moja tu ya Iswahjudi, pale Madiun, imewahi kulaza Tu-16, Sabre, F-5 na F-16.

Nataka kuwaandikia watengenezaji wa mchezo pendekezo la maana kwenye jukwaa lao, si lile la mistari miwili "tuleteeni Indonesia jamani". Orodha yangu: Cureng ya 1947, P-51D, MiG-21F-13, Tu-16KS, Sabre ya Kiaustralia, OV-10F, A-4E, F-5E, Hawk 209, F-16, Su-27SK, Su-35, Rafale.

Nichapishe zote kwa mpigo au moja moja? Zikae mti wa taifa gani, yaani orodha ya nchi ipi ambayo mchezaji anafungua ndege moja baada ya nyingine? Na mtu aliyeko Morogoro anapata wapi ushahidi wa ndege ya Jakarta? Karibuni, matusi kidogo yanaruhusiwa.

Fundi Rada

Mkuu, orodha hiyo ukiichapisha hivyo hivyo itazama siku hiyo hiyo. Jiulize kila ndege inaleta nini ambacho hakipo. MiG-21F-13 Wasovieti wanayo. Skyhawk Israel wanazo, na hizo za Indonesia zilitoka huko huko Israel kwa siri, kwa hiyo utakuwa unaomba ndege ile ile yenye bendera tofauti. F-5E na F-16 zimetapakaa kila kona ya mchezo. Rafale ipo kwa Wafaransa. Su-35 ifute kabisa: mkataba wa ndege 11 ulisainiwa 2018 na hakuna hata moja iliyotua Indonesia. Msomaji akiikuta hiyo atatilia shaka na zingine zote.

Zinazobaki na ladha yake ni mbili. OV-10F Bronco, ndege 16, zilianza kuwasili 1976. Bronco ya Wamarekani ilikuwa na bunduki za milimita 7.62, Waindonesia walizitoa wakafunga Browning za milimita 12.7. Hiyo tayari si kopi, ni ndege nyingine kwa mchezaji, maana ukiwa juu ya msafara wa magari, 7.62 ni kama kuwarushia mchele.

Ya pili ni Hawk 209. Watu wakisikia Hawk wanafikiria ndege ya mafunzo ya viti viwili. Hii ina kiti kimoja, rada ya APG-66H ambayo ni ukoo mmoja na ile ya F-16 za mwanzo, makombora ya Sidewinder, na mrija wa kunywea mafuta angani. Indonesia ilichukua 32, na zimekaa Pontianak na Pekanbaru. Ndege ndogo, nyepesi, yenye rada, bila kasi ya kupita sauti: kuipangia BR (namba ya nguvu inayoamua unakutana na ndege zipi) kutazua mjadala wa kurasa nyingi, na mjadala ndio unaopandisha uzi.

Dada Propela

Fundi, unaongea kama karani wa bohari. Watu hawanunui ndege kwa sababu ya bomba la bunduki tu, wananunua na hadithi. P-51D ya Indonesia ina hadithi ambayo ndege nyingi za mchezo huu hazina.

Tarehe 18 Mei 1958, karibu na Ambon. Waasi wa Permesta walikuwa na ndege za B-26 Invader zilizorushwa na marubani wa kukodiwa, na nyuma yao CIA. Rubani mmoja Mmarekani, Allen Pope, alikuwa ameishambulia Ambon asubuhi hiyo, kisha akaufuata msafara wa meli za serikali. Kapteni Ignatius Dewanto akamfuata na Mustang, B-26 ikashika moto, Pope akaruka na mwamvuli akakamatwa hai, akiwa na karatasi za kutosha kuiaibisha Washington. Alihukumiwa kifo, lakini akaachiwa 1962. Wapo wanaosema mizinga ya meli nayo ilichangia kuiangusha. Kipanga, hilo nalo liandike, usilifiche.

Kama ndege ya kawaida ya kutafutia pointi, sawa, ni kopi. Kama ndege ya kulipia yenye rangi za AURI, jina la zamani la TNI-AU, na hadithi hiyo chini yake? Mimi natoa hela leo.

Fundi Rada

Dada, nakubali kwa ndege ya kulipia. Ila asianze nayo.

Mzee wa Tanga

Vijana mmeliruka swali la mti, na hilo ndilo litakalomchoma mwenzetu. Jibu la haraka la wengi ni "iwekeni Japan, mbona Thailand ipo huko", au "iwekeni na Waholanzi kwenye mti wa Ufaransa". Sasa ipime kwa macho ya Mwindonesia. Uholanzi ndiye mkoloni wake. Japan ndiyo iliyoikalia nchi yake 1942 mpaka 1945. Unamwambia achague baba mlezi kati ya hao wawili.

Halafu tazama hiyo Cureng uliyoiorodhesha. Ni ndege ya mafunzo ya Kijapani, mabawa ya tabaka mbili, mwendo wa polepole. Alfajiri ya 29 Julai 1947 Cureng mbili na Guntei moja, nayo ya Kijapani, ziliruka kutoka Maguwo, Yogyakarta, zikirushwa na wanafunzi wa urubani, zikadondosha mabomu kwa Waholanzi huko Semarang, Salatiga na Ambarawa. Jioni ya siku hiyo Waholanzi wakaiangusha Dakota iliyobeba dawa za Msalaba Mwekundu, wakafa waasisi wa jeshi la anga akiwemo Adisutjipto, ambaye uwanja wa ndege ulipewa jina lake. Tarehe hiyo wanaiadhimisha kila mwaka mpaka leo. Ukiandika "ndege hizi ziwe chini ya Uholanzi" halafu chini yake ukaisimulia Julai 1947, Mwindonesia akikusoma atakucheka au atakutukana.

Ushauri wangu: pendekezo liwe la ndege, si la mti. Eleza chombo, silaha, historia. Kwenye mti andika kwamba zipo njia zaidi ya moja, waachie watengenezaji. Cureng yenyewe iache, mchezoni itakufa kabla haijapata mwinuko.

Kenyatta Avenue

Swali la uchokozi: kwa nini Indonesia na si sisi? Kenya inarusha F-5E tangu miaka ya 1970, na TZ mlikuwa na MiG-21 wakati wa vita vya Kagera.

Kipanga Mweusi

Fungua uzi wako kaka, nitakuja kuchangia. Huu ni wa Jakarta.

Mzee wa Tanga shikamoo, hoja ya mti imeniingia. Tu-16KS je? Naipenda mno ile, makombora mawili ya KS-1 chini ya mabawa, na kisa chake na manowari ya kubeba ndege ya Waholanzi, Karel Doorman, kwenye mgogoro wa Papua Magharibi.

Fundi Rada

Naielewa hamu yako. Lakini ni ndege ya Kisovieti. Ikija itaanzia kwa Wasovieti, na KS-1 ilitengenezwa kuua meli, kwa hiyo nje ya mapambano ya majini haina kazi. Itaje kwenye historia, usiiombe.

Msomaji wa Usiku

Kuhusu ushahidi. Kwanza kabisa, usiguse mwongozo wowote wa jeshi wenye muhuri wa siri, hata ukiukuta umezagaa mtandaoni. Mchezo huu una sifa mbaya tayari kwa wachezaji waliomwaga nyaraka za vifaru ili washinde ubishi. Pendekezo linafutwa, na mtu anaweza kujitafutia kesi.

Tumia vilivyo wazi: vitabu vya historia, majarida ya anga, picha za makumbusho. Pale Yogyakarta kuna makumbusho ya jeshi la anga, Dirgantara Mandala, na wageni wamepiga picha ndege zao nyingi za zamani kwa kila upande. Tafuta kwa Kiindonesia, "pesawat tempur" au "skadron udara" pamoja na jina la ndege. Utapata mara kumi ya unachopata kwa Kiingereza.

Jambo jingine, Bronco ilitumika Timor Mashariki. Usiandike "ilishiriki operesheni mbalimbali" ukapita. Watu waliuawa kule, na msomaji anayejua ataona umefagia chini ya zulia. Na Hawk ina kisa chake: Januari 1996 wanawake wanaharakati waliingia kiwanda cha Warton, Uingereza, wakaitwanga kwa nyundo Hawk iliyokuwa inaelekea Indonesia, na baraza la wazee wa mahakama Liverpool likawaona hawana hatia. Sentensi mbili tatu zinatosha, ila ziwepo.

Dada Propela

Hicho kisa cha nyundo sikukijua. Ahsante.

Kipanga Mweusi

Basi nimeamua. Naanza na OV-10F peke yake. Ikipita nakuja na Hawk 209, kisha Mustang ya Dewanto kama ndege ya kulipia. Cureng, Su-35 na Skyhawk nimezifuta. Timor itakuwemo. BR niipendekeze mwenyewe au niache?

Fundi Rada

Iache. Ukitaja namba, watu watabishana na namba yako badala ya kuisoma ndege. Nguvu zako zipeleke kwenye bunduki. Zimekaa kwenye vile vibawa vifupi vinavyochomoza ubavuni chini ya tumbo, kwa hiyo tafuta picha iliyopigwa kwa mbele, karibu, inayoonyesha midomo ya mabomba, na iwe na nembo ya TNI-AU kwenye picha hiyo hiyo ili asitokee wa kusema ni Bronco ya Thailand. Picha hiyo ikae juu kabisa, kabla ya historia. Rasimu ikiwa tayari iweke hapa tuipitie.