Makato ya moja kwa moja, agizo la kudumu au kadi: ipi kwa malipo yapi ya akaunti ya biashara Uingereza?

duka_la_kona

Wakuu, naomba ulinganisho kutoka kwa wanaoyajua haya. Ni kampuni ndogo ya vyakula, Leicester, ina wakurugenzi wawili na akaunti ya biashara ya pauni. Malipo yanayojirudia ni pango la duka £1,450 kwa mwezi, umeme (bili inapanda na kushuka), pensheni ya wafanyakazi, VAT kila robo mwaka, programu ya mahesabu, na muuzaji wa jumla aliyeko Ireland anayedai kwa euro. Kwa sasa yote yanalipwa kwa mkono. Nataka yaende yenyewe. Njia ninazoziona ni tatu: makato ya moja kwa moja, agizo la kudumu, na kuacha namba ya kadi. Ipi iende wapi, na mitego iko wapi?

Karani77

Mkuu, jiulize kwanza: kiasi kinapangwa na nani?

Agizo la kudumu ni lako. Unaiambia benki itoe £1,450 kila tarehe 1, benki inatuma, na mwenye jengo hawezi kuongeza hata peni moja bila wewe kubadilisha agizo. Kwenye makato ya moja kwa moja, anayekudai ndiye anayekuja kuchukua. Wewe umempa idhini mara moja tu, na kiasi anakitaja yeye kila mara. Kwa hiyo pango liende kwa agizo la kudumu, na umeme, pensheni na VAT ziende kwa makato. Ukiupeleka umeme kwa agizo la kudumu utalipa pungufu miezi ya baridi na kuzidisha kiangazi, na kampuni ya umeme itakusomea deni ingawa fedha zinatoka kila mwezi.

Kwa umeme huo huo, uliza kama makato ni ya bili halisi au ya kiasi sawa kila mwezi kinachokadiriwa. Kwa duka lenye mafriji napendelea bili halisi, mradi usomaji wa mita unapelekwa kila mwezi. Makadirio yakikosewa utakuja kujua baada ya miezi mingi, kiasi kikishapandishwa.

Sasa siku zenyewe. Makato ya Uingereza hupitia mfumo wa Bacs, na mzunguko wake ni siku 3 za kazi. Siku ya kwanza anayedai anatuma faili, ya pili linachakatwa, ya tatu fedha zinatoka kwako na kuingia kwake siku hiyo hiyo, kwa kawaida alfajiri. Kwa hiyo salio liwe limekaa tangu jioni ya siku ya kazi iliyotangulia. Benki nyingi hujaribu tena mchana kabla ya kurudisha malipo, na saa ya mwisho ya kuweka fedha imeandikwa kwenye masharti ya akaunti. Itafute uiandike mahali, ila usiijengee mazoea.

Nuru_M

Umesema wakurugenzi wawili. Wengi hukwama hapo kabla hata ya kuanza.

Angalia akaunti ilifunguliwa kwa utaratibu gani wa saini. Kama yeyote kati yenu anaweza kuidhinisha peke yake, idhini ya mtandaoni au ya simu inatosha. Kama lazima msaini wote wawili, njia hiyo haiwafai. Kwenye fomu ya mtandaoni kuna sehemu inayouliza kama wewe ndiye mtu pekee anayehitajika kuidhinisha makato. Jibu kweli, yaani hapana, nayo itakuelekeza uchukue fomu ya karatasi. Mtu akitia tiki ya ndiyo ili apite tu, makato yataanza vizuri, lakini idhini ina kasoro tangu siku ya kwanza, na siku mkurugenzi mwenzake akihoji malipo hayo hatakuwa na pa kusimama.

Fomu ya karatasi inataka jina la akaunti kama lilivyo kwenye taarifa ya benki (jina la kampuni, si jina la duka lililo kwenye kibao cha nje), namba ya tawi yenye tarakimu 6, namba ya akaunti yenye tarakimu 8, saini zote na tarehe. Itume kwa anayedai. Usiipeleke benki, yeye ndiye atakayeisajili.

Na hakikisha ni akaunti ya kawaida, si ya akiba. Anayedai akipeleka idhini kwa njia ya kielektroniki na benki ikaikataa, jibu hurudi na alama ya sababu. F ni aina ya akaunti isiyofaa. G ni benki kutokubali makato kwenye akaunti hiyo. 5 maana yake akaunti haipo, na mara nyingi ni tarakimu zilizopinduliwa wakati wa kuandika. Ukiambiwa tu "benki yako imekataa", omba alama. Bila alama mtarushiana mpira wiki mbili, benki ikisema haijaona kitu na anayedai akisema ametuma.

bandari_kavu

Mimi sina imani na makato. Anayedai akijikosea akavuta £4,000 badala ya £400, biashara ndogo inakauka siku hiyo hiyo. Agizo la kudumu na kulipa kwa mkono havina hatari hiyo.

Karani77

Hatari ipo, lakini makato ndiyo yenye kinga kubwa kuliko njia zote tatu. Dhamana ya makato ya Bacs inasema anayedai akupe taarifa kabla ya kubadilisha kiasi, tarehe au mpangilio, kwa kawaida siku 10 za kazi, isipokuwa mmekubaliana muda mwingine. Soma mkataba hapo, maana wengi hupunguza hadi siku chache. Ikitokea kosa, la kwake au la benki, benki yako inakurudishia fedha zote mara moja, halafu yenyewe inamfuata aliyekosea. Akaunti ya biashara inalindwa sawa na ya mtu binafsi, na hakuna ukomo wa muda wa kudai.

Mfano wako wa £4,000: unapiga simu benki, si kwa anayedai, unasema unadai marejesho chini ya dhamana na kutaja tarehe na kiasi. Agizo la kudumu halina kitu kama hicho. Ukikosea tarakimu moja ya akaunti ya mwenye jengo, fedha zimeshatoka na unabaki kuomba hisani ya aliyezipokea.

Mipaka nayo ijulikane. Dhamana ni ya makosa ya malipo. Kama mnagombana kuhusu ubora wa mzigo, hiyo ni kesi ya mkataba. Ukidai marejesho wakati deni ni halali, fedha zitarudi na deni litabaki pale pale.

Hesabu_Safi

Nizungumzie VAT tu, kwa sababu tarehe zake huwakamata watu kila robo mwaka.

Marejesho ya VAT (hapa ni ile fomu ya hesabu ya kodi, si fedha za kurudishiwa) na malipo yanatakiwa mwezi mmoja na siku 7 baada ya kipindi kuisha. Kipindi kikiisha 31 Machi 2026, mwisho ni Alhamisi 7 Mei. Mwenye makato, HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) huchukua fedha siku 3 za kazi baada ya hapo, yaani Jumanne 12 Mei, bila kuhesabiwa kuwa umechelewa. Kiasi ni kile kilicho kwenye kisanduku cha 5 cha marejesho yako, na kwenye taarifa ya benki kitasomeka HMRC NDDS. Mtunza vitabu asishangae.

Mtego ni huu: makato yawekwe angalau siku 3 za kazi kabla ya kuwasilisha marejesho. Tuseme utawasilisha siku ya mwisho, 7 Mei. Hesabu kurudi nyuma: Jumatano 6, Jumanne 5, halafu Jumatatu 4 benki zimefungwa kwa sikukuu, kisha wikendi. Unaishia Ijumaa 1 Mei. Aliyeweka Jumanne 5 akidhani amewahi, robo hiyo haimo. Itabidi alipe mwenyewe kabla ya tarehe 7, na makato yaanze robo inayofuata. Asipolipa, riba inaanza siku ya kwanza ya kuchelewa.

Kama saini ni mbili, usisubiri mwisho wa Aprili. Karatasi ina safari yake.

Pensheni: michango iliyokatwa kwenye mishahara inapaswa kumfikia mtoa huduma ifikapo tarehe 22 ya mwezi unaofuata ikilipwa kielektroniki. Wengi wao wanakusanya kwa makato, lakini hawavuti kitu mpaka uidhinishe orodha ya michango ya mwezi huo. Idhini ya benki ikiwepo na orodha haijapelekwa, hakuna kinachotoka, na kosa ni la mwajiri.

Nuru_M

Kuhusu kadi kwa ile programu ya mahesabu: wengine hawana njia nyingine, kwa hiyo hapo kubali. Ila ijue ilivyo. Idhini imefungwa kwenye kadi, haikufungwa kwenye akaunti. Kadi ikiisha muda au ikipotea, malipo yanaweza kukwama na huduma kufungwa katikati ya kuandaa mishahara. Dhamana niliyoiona ikielezwa hapo juu haihusiki. Kusitisha una haki ya kuiagiza benki yako moja kwa moja, hata muuzaji asipojibu barua pepe.

Mkihamia benki nyingine kwa huduma ya kubadili akaunti, ambayo huchukua siku 7 za kazi, makato na maagizo ya kudumu yanahamishwa yenyewe. Malipo ya kadi hayahamishwi. Wekeni orodha ya kila kilichofungwa kwenye kadi. Mimi ningeiweka kadi kwa vitu vidogo tu, si zaidi ya usajili wa programu.

bandari_kavu

Na huyu wa Ireland? Na je, kama kuna muuzaji wa chai Mombasa, anaweza kuvuta vilevile?

Karani77

Bacs haitoki nje ya Uingereza. Ireland wanatumia makato ya SEPA (mfumo wa malipo ya euro barani Ulaya), na ili uyatumie unahitaji akaunti ya euro yenye IBAN (namba ya akaunti ya kimataifa) inayokubali kuvutwa. Si kila akaunti ya euro inayotolewa hapa inakubali, uliza kabla ya kuifungua.

Kisha kuna mipango miwili, na tofauti yake ni kubwa kwa kampuni. Mpango wa kawaida unakupa wiki 8 za kudai marejesho bila kueleza sababu, na miezi 13 kama hukuidhinisha kabisa. Mpango wa biashara kwa biashara hauna marejesho: malipo uliyoidhinisha yakitoka, yametoka. Pia lazima uipe benki yako taarifa za idhini kabla ya makato ya kwanza, la sivyo itayakataa, na si kila benki inashiriki. Wauzaji wa jumla hupenda huu wa pili kwa sababu fedha hazirudi. Mwambie mnaanza na ule wa kawaida. Akikataa, mlipe kwa ankara, na ukague mzigo kwanza. Idhini ya SEPA isiyotumika kwa miezi 36 inakufa yenyewe.

Mombasa hapana. Kenya ina makato yake kupitia kituo cha malipo cha umoja wa mabenki, kwa akaunti za humo humo na hadi shilingi milioni 1 kwa muamala. Kutoka Leicester utatuma kwa kila ankara. Usiweke agizo la kudumu la pauni, maana kiwango cha kubadilisha kikisogea atapokea shilingi tofauti kila mwezi na vitabu vyenu havitakubaliana.

Hesabu_Safi

Jambo moja halijasemwa. Makato yakirudi kwa kukosa salio, anayedai anaruhusiwa kuyaleta tena kwa kiasi kile kile ndani ya mwezi mmoja. Watu hupata barua ya kurudi, wanaogopa, wanalipa kwa kadi jioni ile, halafu siku chache baadaye makato yanapita tena. Wamelipa mara mbili. Piga simu kwanza uulize: mnaleta tena, na lini? Kisha chagueni njia moja.

Na kusitisha: fanya benki siku moja ya kazi kabla, kisha mwandikie anayedai. Benki pekee inazuia fedha, haifuti mkataba.

duka_la_kona

Asanteni sana. Kumbe akaunti yetu ni ya saini mbili, nimeangalia sasa hivi. Pango ninaliweka kwa agizo la kudumu wiki hii. Fomu za karatasi za umeme, pensheni na VAT tutazisaini pamoja Jumamosi. Programu inabaki kwenye kadi. Wa Ireland nitamuuliza mpango gani anatumia.

Nuru_M

Agizo la kudumu nalo litahitaji vibali vya wote wawili kwenye mtandao wa benki. Wa pili asipobonyeza, linabaki linasubiri na pango halitoki. Na kwenye VAT, kama akaunti ya kodi ya mtandaoni haikubali saini mbili, wapigie HMRC mwombe fomu yao, usitumie ya kampuni ya umeme. Kila fomu ina namba ya anayedai yenye tarakimu 6 iliyochapishwa juu, na ndiyo inayomtambulisha kwa benki.