Logilaini ya kisa cha kweli: wabeba mifupa wa Tendaguru. Naomba mnisaidie kuibana

Mwana wa Mitwero
Wakuu, habari za jioni. Nipo Lindi. Skripti yangu imekamilika, ila logilaini, ile sentensi moja ya kuuzia, inanishinda. Kisa ni cha ukoo wetu. Babu yake baba mkubwa alibeba mifupa ya dinosaria kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne, mzigo kichwani. Baba mkubwa aliwahi kuchukua kanga ya mkewe akaikunja ngata mbele yangu, taratibu, kama alivyoonyeshwa utotoni. Akasema mzee yule alikufa na kibonyeo utosini, ukipapasa unakisikia.

Nimeandika hivi: "Mwaka 1909 Wajerumani wanachimba mabaki ya mijusi wakubwa Tendaguru, na mamia ya wenyeji wanasaidia kuyasafirisha hadi Berlin, ambako mjusi mmoja amesimamishwa hadi leo."

Prodyuza mmoja wa Dar kanijibu: "Hii ni habari ya makumbusho. Mtu wako yuko wapi?" Imeniuma, maana mtu wangu namjua.

Kalamu ya Shangani
Pole kaka, ila tazama vitenzi vyako. Wajerumani "wanachimba", wenyeji "wanasaidia". Waliotoboa ardhi kwa majembe ni wenyeji, na msimamizi wao, Boheti bin Amrani, aliijua kazi ile kiasi kwamba mwaka 2007 dinosaria mmoja alipewa jina lake. Halafu sentensi yako inaishia Berlin, kwenye mifupa yenye kimo cha zaidi ya mita 13, wakati yule mzee umemwacha njiani na ngata yake. Yeye alitaka nini?

Mwana wa Mitwero
Alitaka mdogo wake wa kike ale. Nyumba nzima walibaki wawili.

Mjukuu wa Rondo
Hapo ndipo filamu ilipo, mkuu! Hesabu miaka. Maji Maji ilianza 1905, ikazimwa 1907, na huku kwetu Umwera mashamba na maghala yalichomwa, njaa ikaua watu wengi. Uchimbaji ukaanza 1909 hadi 1913. Wapagazi wale walikuwa manusura. Bibi yangu hakuwa akisema "wakati wa Mjerumani", alisema "wakati wa njaa".

Mwana wa Mitwero
Nimesoma hii mara tatu. Jaribio la pili: "Kijana wa Kimwera aliyenusurika njaa ya Maji Maji anawabebea mifupa walewale waliochoma ghala la mama yake ili amlishe mdogo wake, hadi anapoamua kutoroka."

Kalamu ya Shangani
Imepata uhai. Ila "walewale" si kweli. Janensch na Hennig, walioongoza uchimbaji, walikuwa wataalamu wa makumbusho ya Berlin, ghala lilichomwa na askari. Sema dola, yaani serikali ya Mjerumani. Na kutoroka, baba mkubwa ndiye aliyekusimulia?

Mwana wa Mitwero
Hapana dada, nilitunga. Ghala na mdogo wake ni kweli tupu. Yule binti alikuwa akiachwa peke yake wiki nzima, anapika mizizi ya porini.

Kalamu ya Shangani
Basi toa kutoroka, weka huyo binti. Huwezi kuandika "kisa cha kweli" juu ya jambo ambalo mwenye kisa hakulifanya. Mimi ningeibana hivi:

"Lindi, 1909. Kijana wa Kimwera aliyenusurika njaa ya Maji Maji anabeba mifupa ya mnyama asiyemjua kwa ujira wa dola iliyochoma ghala la mama yake. Kila safari inamlisha mdogo wake, na kila safari inamwacha binti huyo peke yake porini."

Mjukuu wa Rondo
Usiguse "mnyama asiyemjua". Akikwambia mtu uweke "dinosaria", kataa. Kijana yule hakuwa na neno hilo.

Mwana wa Mitwero
Nimeipokea yote, asanteni sana. Naondoa pia onyesho la mwisho la Berlin, filamu itaishia bandarini anapotua mzigo na kufungua ngata. Ijumaa baada ya swala nampelekea baba mkubwa, nimsomee kwa sauti.